Mtu Aliyefanya Kazi Bila ya Kibao: Maisha ya Pio Gama Pinto

Kila aliyewahi kuketi mbele ya kadhi anaijua kanuni hii: mdai hapewi haki kwa kauli yake mwenyewe. Hutakiwa alete bayana, na mashahidi wake wawe ni watu wengine, waadilifu, wasio na faida katika daawa ile. Lau kama mtu angekuwa akisadikiwa kwa kujisemea tu, watu wangedaiana mali na damu, na dunia isingekalika.

Lakini katika siasa za nchi yetu kanuni hii tumeigeuza juu chini. Mwanasiasa hudai kwamba yeye ni mtenda kazi, kisha akawa yeye ndiye shahidi wa nafsi yake. Anayetoka kwetu pwani akaingia Nairobi wakati uchaguzi unapokaribia, tangu Haile Selassie Avenue na Kenyatta Avenue hata akafika Westlands, huona nyuso zimebandikwa juu ya nguzo, juu ya kuta na juu ya magari, zikitabasamu. Chini ya nyuso hizo pana mitaro iliyoziba na taka zisizozolewa. Kisha hujengwa darasa au choo cha skuli kwa fedha za mfuko wa maendeleo ya majimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 kutokana na kodi ya kila mwananchi, na mbele yake kikasimamishwa kibao chenye jina na picha ya mbunge, kana kwamba fedha zile zimetoka mfukoni mwake.

Basi tumeona leo tuandike maisha ya mtu mmoja aliyekuwa kinyume cha hayo. Alikaa Westlands hiyo hiyo, alikuwa mbunge wa taifa hili, na aliuawa mbele ya lango la nyumba yake. Huenda msomaji akatuuliza: Je, mtu huyu ni wa dini yetu? La, hakuwa Mwislamu. Wazee wake walikuwa Wagoa, Wakristo. Wala hatusemi kwamba kila rai yake ya siasa ni sawa. Alikuwa mtu wa ujamaa, na mwenye kutaka kuikubali rai hiyo ataikubali, na mwenye kutaka kuikataa ataikataa. Lakini uadilifu hutaka mtu atajwe kwa wema wake, awe ni wetu au si wetu, na kuificha haki ya mwenye haki ni dhulma.

Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa India kusoma, akakaa huko mpaka ujana wake. Alifanya kazi kwa muda katika jeshi la anga, kisha katika idara ya posta na simu mjini Bombay, na huko akaonja kwa mara ya kwanza mgomo wa wafanyakazi. Akaingia pia katika harakati za kuitoa Goa katika mikono ya Wareno. Na Wareno sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Ngome waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 ingali imesimama mbele ya macho yetu. Walipotaka kumkamata kwa ajili ya harakati hizo, alirejea Kenya mwaka 1949.

Aliporejea hakujua Kiswahili sawasawa, akajifunza. Akafanya kazi za ukarani, na baadaye akawa katika ofisi ya chama cha Wahindi wa Kenya iliyokuwa Desai Memorial Hall, na akaandika na kuhariri magazeti. Mwaka 1950 serikali ilipowatia mbaroni Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Pinto alikuwa miongoni mwa walioishika kazi isianguke. Ilipotangazwa hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na Jomo Kenyatta na wenzake wakapelekwa Kapenguria kuhukumiwa, yeye alikuwa katika waliohangaika kuwatafutia mawakili, kukusanya fedha na kupeleka khabari za dhulma nchi za nje. Hiyo ni kazi isiyokuwa na jukwaa. Anayeandika barua usiku na kuchanga nauli ya wakili hapigiwi vigelegele.

Mwezi wa Januari 1954 alimuoa bibi Emma Dias. Hawakukaa pamoja miezi sita. Tarehe 19 Juni mwaka huo alikamatwa, akapelekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote. Na alipelekwa wapi? Alipelekwa kwetu: kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, katika kambi ya Takwa. Takwa ni jina la mji wa kale wa Waislamu ulioachwa ukawa magofu tangu karne ya 17, na msikiti wake wa Ijumaa na kaburi lake la mnara vingali vikionekana. Katika kisiwa hicho cha chumvi na mikoko alizuiliwa pamoja na watu kama Achieng Oneko, miaka ikapita. Wangapi katika sisi tunaovuka kwenda Manda tunajua kwamba uhuru wa nchi hii ulilipiwa pale pia? Alipotolewa Manda hakuachiwa aende zake, bali alipelekwa Kabarnet na kuamriwa asitoke huko. Uhuru wake haukupatikana mpaka mwaka 1959.

Mtu aliyefungwa miaka mitano kwa ajili ya watu, akitoka huwa na hoja kubwa ya kuombea cheo. Pinto hakuitumia. Alirudi katika kazi zake za nyuma ya pazia. Alikisaidia chama cha KANU kilichoundwa mwaka 1960, akaanzisha gazeti la chama, na mwaka 1961, kwa msaada wa fedha kutoka kwa Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa India, akaweka msingi wa kampuni ya Pan African Press iliyotoa magazeti, mojawapo likiwa la Kiswahili, Sauti ya Mwafrika. Waliofungwa zamani na familia zao walikuwa wakimjia na haja zao: huyu ataka kazi, huyu ataka karo ya mtoto, huyu amenyang'anywa shamba lake alipokuwa kizuizini. Waliomjua wameeleza kwamba fedha hazikukaa mkononi mwake, na kwamba mshahara wa mkewe ulikuwa nguzo ya nyumba yao.

Wala hakusahau Wareno. Goa ilitoka mikononi mwao mwishoni mwa mwaka 1961, lakini Msumbiji na Angola zilibaki, na Pinto akawa msaidizi wa wapigania uhuru wa nchi hizo, na khasa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mwaka 1963 alichaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la Afrika Mashariki, na mwezi wa Julai 1964 akawa mbunge wa kuchaguliwa na wabunge wenzake katika bunge la Kenya. Mwaka huo huo alikuwa katika walioianzisha Taasisi ya Lumumba, Nairobi, iliyokusudiwa kuwafundisha watumishi wa chama.

Katika bunge alisimama upande wa Oginga Odinga na wenziwe, walioona kwamba ardhi na mali za uhuru zaanza kujikusanya katika mikono ya wachache, na kwamba waliopigana na kufungwa wamesahauliwa mapema. Hapo ndipo tofauti yake na wengi wa zama zake ilipodhihiri. Wakati ule mashamba ya walowezi yalikuwa yakibadilisha mikono, na mwenye cheo aliyeunyosha mkono wake hakuurudisha mtupu. Pinto alikuwa na ujuzi, alikuwa na rafiki kila upande, na alikuwa karibu na wakubwa. Alikufa bila ya shamba na bila ya akiba.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965, siku tatu baada ya Al-Hajj Malik El-Shabazz, yaani Malcolm X, kuuawa New York, Pinto alikuwa ndani ya gari lake mbele ya lango la nyumba yake, Westlands, na binti yake mdogo kiti cha nyuma. Watu wakamjia wakampiga risasi, akafa hapo hapo. Umri wake ulikuwa haujatimia miaka 38. Nchi ilikuwa huru kwa miezi kumi na minne tu, na huyu akawa mwanasiasa wa kwanza kuuawa katika Kenya huru. Baada yake walifuata Tom Mboya mwaka 1969 na J. M. Kariuki mwaka 1975.

Kijana mmoja, Kisilu Mutua, alihukumiwa kwa mauaji hayo mwaka 1965. Adhabu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani mpaka alipoachiwa kwa msamaha wa rais mwaka 2001, na miaka yote hiyo akisema kwamba hakuua. Ama waliotuma, hakuna mahakama iliyowataja hata leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliyahesabu mauaji hayo katika mauaji ya kisiasa. Zaidi ya hapo, lile faili ni kama kaburi. Mjane aliachwa na mabinti watatu. Rafiki zake mumewe walimchangia, na mwaka 1967 akahamia Kanada.

Pinto alizikwa katika makaburi ya City Park, Parklands, mwendo mfupi kutoka Westlands. Rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 kisha akauacha mwenyewe ukubwa huo mwaka ule ule, alipenda azikwe karibu naye, na alipofariki mwaka 1990 alizikwa hapo. Mwaka 2008 sura ya Pinto ilitiwa katika stempu za mashujaa wa Kenya. Hii ndiyo picha yake iliyotangazwa na dola, nayo ilitangazwa miaka 43 baada ya yeye kufa, wala hakuiomba.

Sasa, ndugu zetu, tuurudie ule mlango wa mdai na shahidi. Mwenye kuficha kazi yake amesalimika na riya, lakini huwaachia watu wengine wajibu, nao ni kumshuhudia. Sisi tumeupuuza wajibu huo. Kwa kuwa Pinto hakujitangaza, watu walimsahau, na pale alipopaacha wakasimama wengine wenye sauti kubwa na kazi ndogo. Mashahidi wa kweli wakinyamaza, mdai mwongo hushinda. Ubaya wa utawala unaotulalamisha kila siku, barabara zisizodumu mvua mbili na hospitali zisizo na dawa, haukutokana na tamaa ya wakubwa peke yake. Umetokana pia na wepesi wetu wa kukubali picha badala ya bayana. Mtu hutupa fulana na kofia na shilingi mia mbili, nasi tukamwita mkarimu, wala hatumuulizi zile za umma alizokabidhiwa zimekwenda wapi.

Na bayana ipo kwa anayeitaka. Mkaguzi Mkuu wa fedha za serikali hutoa ripoti zinazotaja wizara, kaunti na mifuko ya majimbo, fungu kwa fungu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 35, imempa mwananchi haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kuitimiliza haki hiyo. Mwaka huo huo bunge lilitunga sheria ya makosa ya uchaguzi, na ndani yake mlikuwa na katazo la serikali kuyatangaza mafanikio yake kwa mabango na magazeti wakati wa uchaguzi. Kwa hivyo hata watunga sheria wenyewe walikiri kwamba kujisifu kwa mali ya umma ni madhara. Lakini sheria ni kama upanga ulio alani, hautoki mwenyewe.

Basi tunawausia wasomaji wetu, wa pwani na walioko Nairobi kwa biashara na kazi, wapigapo kura wamuulize kila mwenye kuomba amana yao maswali machache. Kazi hii unayoitaja ilifanywa kwa fedha za nani? Hesabu zake ziko wapi? Ulikuwa na nini kabla ya kushika cheo, na sasa una nini? Nani, asiyekuwa wa nyumba yako wala wa mshahara wako, anayekushuhudia? Mwenye kuyajibu haya kwa utulivu, hata kama hana bango hata moja, ndiye wa kutazamwa. Na mwenye kukasirika akiulizwa, kukasirika kwake ndiyo jawabu.

Na kila mtaa una Pinto wake mdogo: mwalimu, muuguzi, mzee wa mtaa, au mwanamke anayewalea mayatima bila ya kuitwa mbele ya kamera. Tuwataje hao wangali hai, majina yao yajulikane na kazi zao zisaidiwe, tusingoje kuwatia katika stempu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.