Enrique Shaw, mkubwa wa kazi mwenye wafanyakazi walimtolea damu



Katika mkutano uliopita, ile saa ya kusoma daftari la michango, ilitokea tena swali yenye hatupendi. Wanamemba wenye wamekaa miezi mitatu bila kutoa mchango, tuwafute ao tuwaache? Wengine walisema sheria ni sheria, bila hiyo mfuko utakauka. Wengine wakakumbusha kwamba maji ya ziwa yalichukua mashamba na nyumba, na mtu mwenye analala kwa jirani hawezi kutafuta makuta ya mchango mbele ya kutafuta chakula. Tulitoka bila kukata neno. Basi kwenye ukurasa huu, fasi tunapowekaka maisha ya watu waliotangulia, tumeona vema safari hii tuandike juu ya mtu mwenye aliletewa swali ya namna hiyo. Sisi tunabishana juu ya watu wasiofika hata thelathini. Yeye aliletewa hesabu ya watu 1,200.

Jina lake Enrique Shaw. Alikuwa mtu wa Argentina, huko Amerika ya Kusini, lakini alizaliwa Paris tarehe 26 Februari 1921, maana wazazi wake walikuwa wanaishi Ufaransa wakati ule. Mwaka 1923 familia ikarudi kwao. Kwa hiyo naye tunaweza kumwita mwenye kurudi, hata kama hakurudi kwa lori na gunia la vyombo kichwani kama sisi. Tusifiche: alizaliwa katika utajiri. Baba yake, Alejandro Shaw, alikuwa mtu wa benki, na upande wa mama, Sara Tornquist, nao walikuwa jamaa kubwa ya biashara. Mtoto wa namna hiyo akisema maneno mazuri juu ya maskini, watu wanamsikiliza nusu-nusu, na wana haki. Ndiyo maana hapa tunatafuta zaidi yale aliyoyatenda.

Mama alikufa Enrique akiwa na miaka minne tu. Mbele ya kufa alimwomba bwana yake jambo moja, kwamba mtoto alelewe katika imani ya Kikatolika na padri amfundishe. Baba mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa sana, lakini alishika neno la marehemu. Mtoto alisoma kwa Mabruda wa La Salle huko Buenos Aires, akawa mwanafunzi mzuri, mwenye kupokea komunyo mara nyingi. Kiisha, akiwa na miaka 14, alichagua njia yenye baba hakuitaka: aliingia shule ya jeshi la maji.

Juu ya miaka ya jeshi tutapita haraka. Alisafiri mpaka bahari za kusini kabisa, fasi za baridi kali, na melini alikuwa anafundisha mabaharia dini, hata kama wengine walimcheka. Kitu kimoja cha wakati ule ndicho kilibadilisha maisha yake. Mwaka 1939, akiwa kijana wa miaka 18, aliangukia vitabu vya mafundisho ya Kanisa juu ya kazi, mshahara na haki ya mfanyakazi. Alivisoma sawa mtu mwenye njaa. Tangu hapo hakutulia tena.

Tarehe 23 Oktoba 1943 alimwoa Cecilia Bunge. Walizaa watoto tisa. Barua alizomwandikia bibi yake kutoka safarini zimebaki, na zinaonyesha bwana mwenye kumwambia bibi yake kila kitu, mambo ya kazi, ya watoto, ya sala, hata mashaka yake. Nyumbani walisali rozari pamoja, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa misa ya kila siku. Lakini wenye kumkumbuka hawamwonyeshi kama baba mwenye uso wa kukunjana. Wanasema alicheka mingi, na akirudi kutoka kazi alikaa chini kucheza na watoto.

Mwaka 1945 jeshi lilimtuma Chicago, Marekani, kusomea mambo ya hali ya hewa. Huko ndiko aliamua kuacha jeshi. Alikuwa na wazo lenye wengi walidhani ni la utoto: alitaka kuwa mfanyakazi wa kawaida mu kiwanda, avae nguo za kazi, aishi kati ya wafanyakazi, awapelekee Injili. Padri mmoja huko alimshauri kinyume. Alimwonyesha kwamba wafanyakazi wapo tayari wengi, lakini wenye kushika uongozi na wenye kuona mfanyakazi kama mtu ni wachache, naye kwa kuzaliwa kwake alikuwa na mlango wa kuingilia huko. Kwetu sisi, ule padri alifanya kazi kubwa. Ni wangapi tumewaona tereni wenye moyo mzuri, lakini wamekaa fasi isiyo yao?

Basi akaingia katika kampuni ya vioo ya Rigolleau, kule Berazategui, kusini ya Buenos Aires. Walitengeneza chupa, glasi na vyombo vya kila namna. Mwenye hajafika kwenye kiwanda cha vioo ajue kitu kimoja: tanuri ya kuyeyusha kioo haizimwi. Inawaka mchana na usiku, mwaka mzima, na watu wanapokezana zamu mbele ya moto. Ni kazi ya jasho. Enrique alipanda cheo mpaka akawa mkurugenzi, na chini yake kulikuwa wafanyakazi zaidi ya 3,000. Alitembea kati yao, akajua majina yao, akauliza habari za watoto wao. Alikuwa anaona kwamba mkubwa mwenye kukaa ofisini tu na kusoma namba, kiisha kidogo yeye pia anakuwa namba.

Mwaka 1952, akitiwa moyo na Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, yule mwenye alianzisha JOC, chama chenye wazee wetu wa parokia wanakijua vizuri, Enrique na wenzake walianzisha umoja wa Wakristo wenye kuongoza kampuni, kwa kifupi ACDE. Yeye ndiye alikuwa rais wa kwanza. Haikuwa klabu ya kunywa chai. Walijiuliza maswali yenye kuumiza mfuko wao wenyewe: mshahara wa haki ni kiasi gani? Baba wa watoto wanane na kijana asiyeoa, wakifanya kazi moja, watalishaje nyumba zao?

Juu ya hilo swali la pili tukae kidogo, maana linagusa chama chetu. Wote waliona kwamba mfanyakazi mwenye watoto wengi anahitaji nyongeza. Lakini kama kila kampuni inalipa nyongeza peke yake, mwenye kampuni atafanya nini? Ataajiri wasiooa na kuwakimbia wenye watoto, na ile sheria ya kuwasaidia itawafungia mlango. Dawa yao ilikuwa mfuko wa pamoja. Kila kampuni inatia sehemu yake kulingana na mishahara inayotoa, na mfuko ndio unalipa kufuatana na watoto. Hapo kuajiri baba wa wanane hakuna hasara tena kwa kampuni moja, mzigo umegawanywa kwa wote. Enrique na ACDE waliisukuma kazi hiyo kwa nguvu, na mwaka 1957 mifuko ya namna hiyo iliwekwa na serikali ya Argentina kwa viwanda na kwa biashara. Sisi tuliozoea likelemba tunaelewa haraka, lakini tofauti ni kubwa: katika likelemba kila mtu anapokea kwa zamu yake, na hapa anapokea kwa kadiri ya midomo iliyo nyumbani.

Mbele ya hapo alikuwa ameonja jela. Mwaka 1955 serikali ya Juan Perón iligombana na Kanisa, na viongozi wa walei walianza kukamatwa. Enrique, mwenye alikuwa mu Aksio Katolika, alikamatwa mwezi wa tano. Familia ilimletea godoro na chakula. Vyote aliwapa wafungwa wenzake, na yeye akalala chini. Wenye wamepita mu vyumba vya namna hiyo kwetu, na wako kati ya wasomaji wa gazeti hili, wanajua godoro ni kitu gani usiku wa kwanza.

Mwaka 1957, mwaka uleule wa mifuko, waganga waligundua kwamba ana saratani. Alikuwa na miaka 36. Hakuacha kazi. Alikuwa pia kati ya washauri wa kwanza wa Chuo Kikuu Katolika cha Argentina, kilichoanzishwa mwaka 1958, aliendelea kutoa mafundisho kwa wenye kampuni, na nyumbani watoto walikuwa bado wadogo.

Sasa tufike kwenye wale watu 1,200. Mwaka 1961 biashara ilikuwa inashuka, na sehemu kubwa ya kampuni ilikuwa mikononi mwa wenye mali wa Marekani. Hao walifanya hesabu yao na kuona njia fupi: kuachisha kazi watu 1,200. Tunajua hesabu za namna hiyo. Sisi wenyewe, katika shirika moja tusilolitaja, tuliwahi kuamka asubuhi na kukuta ujumbe mufupi mu telefone kwamba mradi umekatwa na tusije tena ofisini. Hakuna mtu alikuja kutuangalia machoni. Magari yalibaki, vipoza-hewa vilibaki, watu ndio waliondoka.

Enrique alikataa. Tena hakukataa kwa mdomo tu, maana kukataa kwa mdomo ni rahisi kwa mwenye ugonjwa utakaomtoa hata hivyo. Alikaa akaandika mpango: namna ya kuwashika watu kazini mpaka soko lirudi, na wenye mali wakubali kubeba hasara ya muda. Akiwa mgonjwa, alisafiri mpaka Marekani kuueleza mbele yao. Aliwaambia pia wazi kwamba siku mtu wa kwanza ataachishwa, yeye naye ataondoka. Mpango ulikubaliwa. Wale 1,200 walibaki na kazi yao.

Kuna wenye watasema: alikuwa tajiri, aliweza kujiuzulu bila kulala njaa. Ni kweli. Lakini matajiri wenzake pia waliweza, na kwa kawaida hawajiuzulu juu ya watu wa tanuri. Sisi kilichotugusa zaidi ni ule mpango. Huruma bila hesabu ingewashika wale watu mwezi mmoja, kiisha kiwanda kingefungwa na wote wangelia.

Mwaka 1962 mwili ulishindwa. Waganga walisema anahitaji damu, tena nyingi. Habari ilifika kiwandani, na wafanyakazi 260 wakaenda kumtolea. Walikuwa watu wa zamu, wa tanuri, wenye kuamka alfajiri. Kwetu mnajua vile watu wanaogopa kutoa damu hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mnajua pia vile mkubwa wa kazi akilazwa, mara nyingi wanaokwenda kumtazama ni wenye kutafuta cheo. Mwezi wa saba alipata nguvu kidogo, akarudi kiwandani kuwaaga na kuwashukuru. Aliwaeleza furaha yake kwamba damu inayotembea ndani yake sasa ni damu ya wafanyakazi.

Alikufa tarehe 27 Agosti 1962, akiwa na miaka 41. Cecilia alibaki na watoto tisa, na hata mkubwa wao hajafika miaka 20. Katika maisha kama haya watu wanamsahau haraka mjane. Sisi, wenye wanamemba wengi ni wamama waliobaki peke yao, hatuwezi kumpita. Ule muda wote wa mikutano, jela, safari na hospitali, kuna mtu alikuwa anashika nyumba. Na mmoja wa watoto aliowalea akawa padri.

Kesi ya kumtangaza mtakatifu ilifunguliwa huko Buenos Aires wakati askofu mkuu alikuwa Jorge Bergoglio. Huyo huyo, akiwa Papa Fransisko, alitambua tarehe 24 Aprili 2021 kwamba Enrique Shaw aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha ushujaa.

Mkutano wetu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, fasi ya kila siku. Mweka hazina ataleta daftari. Ataleta pia orodha ya kazi za chama, yaani kupalilia shamba la mfuko na kuchimba mfereji wa maji, kusudi wanamemba waone kama siku za kazi zinaweza kuhesabiwa mahali pa mchango kwa wenye mavuno yao yaliharibika. Wenye majina yao yako kwenye swali waje pia. Tusizungumze juu yao wakiwa hawapo.