Kamboja: Pol Pot, mwalimu mpole aliyewatoa watu wote mijini

Tarehe 17 Aprili 1975, wapiganaji wa Khmer Rouge waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kamboja. Wakaaji walitoka barabarani kuwapokea, wakidhani vita imeisha. Siku hiyohiyo waliamriwa kuhama. Watu karibu milioni 2, hata wagonjwa waliotolewa hospitalini, walisukumwa kwenda mashambani kwa miguu.

Kiongozi wa wapiganaji hao hakujulikana na raia hata kwa jina. Ni Saloth Sar, mtoto wa mkulima mwenye mali kiasi wa jimbo la Kampong Thom, aliyezaliwa mwaka wa 1925. Mwaka wa 1949 alienda Paris kusomea mambo ya radio. Mitihani ilimshinda, alichorudi nacho nyumbani mwaka wa 1953 ni ukomunisti. Akawa mwalimu, na wanafunzi walimpenda kwa upole wake. Mwaka wa 1963, akiwa tayari mkuu wa chama cha siri, aliingia msituni. Mabomu ya Marekani na mapinduzi ya 1970 viliwapatia waasi vijana wengi wa vijijini.

Madarakani alijiita Pol Pot. Pesa ilifutwa, masoko na shule vikafungwa, watawa wa Kibudha wakavuliwa mavazi yao, na watu wakapelekwa kulima mpunga. Kuwa msomi kulitosha kumtia mtu mashakani, wakati mkubwa mwenyewe alikuwa mwalimu! Shule moja, Tuol Sleng, iligeuzwa gereza: zaidi ya watu 12,000 waliingizwa humo, na waliotoka hai ni wachache sana.

Kaka yake, aliyekaa naye mjini zamani, alihamishwa kama wengine. Alikuja kujua ndugu yake ndiye mtawala siku alipoona picha yake imetundikwa kwenye jiko la pamoja.

Watu kati ya milioni 1.5 na 2 walikufa kwa njaa, magonjwa, kazi ngumu na kuuawa, katika nchi ya watu karibu milioni 8. Jeshi la Vietnam lilimwondoa Januari 1979. Hata hivyo, kiti cha Kamboja katika Umoja wa Mataifa kilibaki mikononi mwa watu wake kwa miaka.

Mwaka wa 1997 wenzake wa msituni walimhukumu, lakini kwa kumuua mwenzao Son Sen na jamaa yake, si kwa wale mamilioni. Alifariki tarehe 15 Aprili 1998. Maiti yake ilichomwa juu ya matairi ya zamani.