Dr. Wiley: mkemia aliyewalisha vijana sumu ili Marekani ipate chakula salama

Nianze na swali: nani hapa hajawahi kuuziwa asali feki? Mimi nishauziwa, stendi ya mabasi, kwenye chupa ya maji ya lita moja, jamaa anaapa kwa Mungu kwamba kaitoa Tabora kwa mikono yake. Nikachovya njiti ya kiberiti kama tunavyofanya wote, ikawaka, nikalipa. Kufika nyumbani bi mkubwa kaonja kidole kimoja tu, akaanza kucheka. Sukari ya kuchemsha na rangi.

Sasa leo nawaletea maisha ya mzee mmoja wa Marekani aliyeanzia hapo hapo kwenye asali na shira, akaishia kuipatia nchi yake sheria ya kwanza kubwa ya chakula na dawa. Jina lake Harvey Washington Wiley. Kwao ni maarufu, ila huku kwetu naona wengi hawamjui.

Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1844, nyumba ya magogo, shambani karibu na Kent katika jimbo la Indiana. Mtoto wa mkulima. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilimkuta chuoni, akaenda jeshini miezi michache mwaka 1864. Baadaye akasomea udaktari, akamaliza 1871, lakini kutibu watu hakukumkaa moyoni. Akaenda Harvard kusoma kemia, na mwaka 1874 akawa profesa wa kwanza wa kemia chuo kipya cha Purdue. Jamaa alikuwa mcheshi na hajaoa. Wakubwa wa chuo walimkalia kikao kwa sababu anacheza besiboli na wanafunzi na anaendesha baiskeli mjini. Ndiyo, baiskeli! Ilionekana profesa anajishushia heshima.

Mwaka 1878 alikwenda Ujerumani kuongeza ujuzi. Huko aliona kitu kilichomgeuza kabisa: serikali ina maabara yake ya kupima chakula, na wataalamu wanaolipwa kuwakamata wadanganyifu. Akarudi na kifaa kinaitwa polariskopu. Kwa lugha rahisi, kinapitisha mwanga wa aina maalumu kwenye maji ya sukari, na kila aina ya sukari inaupindisha mwanga ule kwa kiasi chake. Sukari ya miwa ina kipimo chake, glukozi ya bei poa iliyotengenezwa kwa wanga wa mahindi ina cha kwake. Njiti ya kiberiti haiwezi kukwambia hayo.

Idara ya afya ya Indiana ikampa kazi ya kupima shira na sukari zilizokuwa madukani. Akakuta vingi vimechanganywa glukozi bila mnunuzi kuambiwa. Kumbuka glukozi yenyewe haiui mtu. Wiley mwenyewe hakudai kwamba ni sumu, alidai kwamba ni wizi. Ukitaka kuuza glukozi, iuze kwa jina lake.

Lakini hapo hapo akaboronga vibaya. Mwaka 1881 aliandika kwenye jarida moja kwamba kuna watu wanatengeneza masega ya asali kwa nta bandia ya mafuta ya madini, wanayajaza glukozi na kuyafunika kwa mashine bila nyuki hata mmoja kuhusika. Baadaye akasema ulikuwa utani. Magazeti yakaudaka utani wakauchapa kama habari ya kweli, na wafugaji nyuki waaminifu wakaona wateja wanakimbia asali yao ya masega. Walimchukia miaka na miaka, wakaupa uzushi ule jina lake. Mimi naona hili ndilo somo alilolipia ghali kuliko yote. Uvumi unaua biashara ya mtu mwema sawasawa na uchakachuaji. 

Mwaka 1883 akahamia Washington kuwa mkemia mkuu wa wizara ya kilimo. Hali ya chakula mjini wakati ule usiombe. Maziwa yaliongezwa maji, kisha chaki ili yawe meupe tena, kisha formalini ili yasiharibike. Formalini ni ile ile inayotumika kuhifadhia maiti, na wanywaji wakubwa wa maziwa ni watoto wachanga. Kahawa ilichanganywa na mbaazi za kukaanga, viungo vikachanganywa na maganda yaliyosagwa. Njegere za kopo zilipakwa kijani kwa chumvi ya shaba. Na dawa za chupa za kutuliza watoto wanaolia zilikuwa na mofini ndani, chupa haisemi kitu. Mtoto ananyamaza kweli, wengine wakanyamaza moja kwa moja.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulisahau. Sehemu kubwa ya ubaya huo ililetwa na sayansi mpya. Viwanda vilikua, reli zikabeba chakula mbali, mkemia wa kiwanda akatafuta cha kuzuia nyama isinuke mpaka ifike. Kwa hiyo Wiley alikuwa anapambana na wakemia wenzake. Kuanzia 1887 ofisi yake ikatoa ripoti baada ya ripoti, chakula kimoja kimoja, nini kimo ndani. Takwimu zilikuwepo. Sheria ya nchi nzima haikuwepo. Kila jimbo lilikuwa na kanuni zake, na kati ya 1879 na 1906 miswada zaidi ya 100 ilipelekwa bungeni. Mingi ilizimwa kimyakimya. Wauza dawa za chupa walikuwa na pesa, na magazeti mengi yaliishi kwa matangazo yao.

Ndipo mwaka 1902 mzee akaja na kituko. Alichukua vijana 12 wenye afya, wengi makarani wa wizarani, akawafungulia meza ya chakula kwenye ghorofa ya chini ya ofisi yake. Msosi wa nguvu, bure, mara tatu kwa siku. Sharti: ndani ya chakula kutakuwa na dawa ya kuhifadhia, na wewe unaweka saini kwamba hutashtaki. Walianza na boraksi. Iliwekwa kwenye siagi, vijana wakashtukia, wakaacha siagi. Wakahamishia kwenye vyakula vingine, wakashtukia tena. Mwisho ikabidi wameze kwenye vidonge waziwazi. Kila siku wanapimwa uzito, joto na mapigo ya moyo, na mkojo na choo vinakusanywa vyote. Waandishi wa habari wakawapachika jina la Kikosi cha Sumu, na nyimbo zikatungwa juu yao.

Kwa miaka kama mitano walipimwa boraksi, asidi ya saliciliki, salfaiti, benzoeti, formalini na vingine. Vijana waliumwa vichwa na matumbo, wengine wakashindwa kazi. Majaribio mengine ilibidi yakatishwe. Leo daktari akifanya hivyo anapelekwa mahakamani, na ni haki. Tena kitaalamu kazi ile ilikuwa na tundu kubwa: watu wachache, na hakukuwa na kundi la pembeni lisilokula dawa ili walinganishe. Lakini nchi nzima ilianza kuongelea kilichomo kwenye sahani, jambo ambalo ripoti zote za nyuma zilishindwa.

Vyama vya akina mama vikaingia kwa nguvu. Mwaka 1904 kwenye maonyesho ya St. Louis, watu wa usalama wa chakula walionyesha vitambaa vya hariri na sufu vilivyotiwa rangi zilizotolewa kwenye vyakula vya dukani. Na wenye viwanda je? Wengine walimpiga vita, ila siyo wote. Henry Heinz, yule wa tomato sosi, aliiunga mkono sheria. Hesabu yake ilikuwa wazi. Mwenzake ananunua nyanya zilizooza na mabaki, anamwaga benzoeti, anauza rahisi. Yeye anatumia nyanya zilizoiva, siki na sukari zaidi, gharama inapanda. Bila sheria, mwaminifu ndiye anayefilisika. Basi wale wanaosema sheria ya afya ni adui wa viwanda wamuulize Heinz.

Mapema 1906 Upton Sinclair akatoa kitabu chake kuhusu machinjio ya Chicago, umma ukachafukwa. Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt akasaini sheria ya chakula na dawa, na ya ukaguzi wa nyama siku hiyo hiyo. Chakula kilichochanganywa au chenye lebo ya uongo hakuna kukisafirisha kutoka jimbo hadi jimbo. Dawa yenye mofini, kokeini, pombe na vingine vya hatari lazima iseme kwenye lebo. Na kazi ya kupima alipewa mkemia, yaani ofisi ya Wiley.

Mngedhani hapo mzee alipumzika. Wapi! Mwaka 1908 kwenye kikao Ikulu alimwambia Roosevelt kwamba sakarini ni mbaya kwa afya. Hakujua rais mwenyewe anaitumia kila siku kwa ushauri wa daktari wake. Roosevelt akawaka. Ikaundwa bodi ya wanasayansi wa kumsimamia Wiley, mwenyekiti wake Ira Remsen, ambaye sakarini iligunduliwa maabarani kwake. Mwaka 1909 bodi ikasema benzoeti kwa kiasi kidogo haina shida. Niseme ukweli, kwenye benzoeti na sakarini muda haukumpa Wiley ushindi, zote mbili zinaruhusiwa mpaka leo kwa viwango maalumu. Kwenye formalini na boraksi alikuwa sahihi. Tatizo lake hakutaka kusikia habari ya kiwango, kwake kitu ni sumu au siyo sumu.

Alimshtaki hata Coca-Cola kwa sababu ya kafeini, kesi ikasikilizwa Chattanooga mwaka 1911 na kampuni ikashinda. Mahakama Kuu ya Marekani ikairudisha kesi mwaka 1916, na mwishowe kampuni ikapunguza kafeini. Wakati huo Wiley hayupo tena ofisini. Maadui walimtengenezea zengwe la malipo ya mtaalamu mmoja, Rais Taft akamsafisha, lakini alishachoka. Akajiuzulu Machi 1912.

Hakwenda kukaa kibarazani. Alipokelewa na jarida la Good Housekeeping, akaendesha maabara yao ya kupima bidhaa. Alikuwa kaoa 1911, ana miaka 66, mke wake Anna Kelton ni mpigania kura za wanawake, wakapata watoto wawili wa kiume.

Sheria yake ilikuwa na pengo: haikumlazimu mtu kuthibitisha dawa ni salama kabla ya kuiuza. Mwaka 1937 dawa moja ya maji iliyoyeyushwa kwa kemikali yenye sumu iliua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto, na 1938 ikaja sheria kali zaidi. Yeye hakuiona. Alifariki tarehe 30 Juni 1930, miaka 24 kamili tangu siku ile Roosevelt aliposaini, na mwaka huo huo ofisi iliyorithi kazi yake ikapewa jina la FDA. Amezikwa Arlington, na jiwe la kaburi linamtaja kuwa baba wa sheria ya chakula safi.

Nawakilisha. Wafugaji nyuki mliopo humu, tuambieni nyie mnaipimaje.