Byron Kawadwa, aliyewapandisha kuku jukwaani

Msikilizaji, ngano tunazosimuliana jioni huwa na nyimbo ndani yake. Mganda Byron Kawadwa aliichukua hadithi ya aina hiyo, ya ufalme wa kuku ambamo Wankoko mwenye hila ananyakua kiti cha enzi, akaifanya mchezo wa jukwaani wa kuimbwa kwa Kiganda: Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko. Watazamaji wengi waliona humo kupinduliwa kwa Kabaka mwaka 1966. Kawadwa aliongoza pia jumba la taifa la maigizo, Kampala. Mwanzoni mwa 1977 aliupeleka mchezo huo Lagos, Nigeria, kwenye tamasha la FESTAC. Aliporudi, watu wa usalama wa Idi Amin walimkamata, akauawa. Wengi huamini aliponzwa na kuku wake.