Maisha ya Daktari Robert Koch

Muhula huu mimi ni kiranja wa maji katika bweni letu hapa Kiomboi. Wadogo wengi hunung'unika ninapowakataza kunywa maji yasiyochemshwa. Kwa ajili yao, na kwa ajili yangu pia, naandika habari za mtu huyu.

Robert Koch alizaliwa mwaka wa 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari, akapewa kazi wilayani, mbali na miji mikubwa. Huko alichunguza kwa hadubini damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta, na mwaka wa 1876 akathibitisha kijidudu kiletacho maradhi hayo. Mwaka wa 1882 alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, kisha akakichunguza kile cha kipindupindu huko Misri na India.

Mwaka wa 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, kikaua watu zaidi ya 8,000. Altona, mji jirani, uliteka maji katika mto ule ule, tena upande wa chini, uchafu wa Hamburg ukiisha kuingia. Lakini Altona walichuja maji yao kwa mchanga, na waliokufa huko walikuwa wachache sana. Koch alihimiza maji yachujwe na kuchemshwa. Basi mchanga na moto viliokoa watu.

Mwaka wa 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alikuja Afrika Mashariki kupigana na malale. Katika visiwa vya Sese, Uganda, aliwadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili. Walipata nafuu, lakini ugonjwa uliwarudia. Akaongeza kipimo, akitumaini watapona kabisa. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, wala hawakuona tena. Majina yao sikuyakuta kitabuni. Koch mwenyewe alifariki mwaka wa 1910.

Habari ya Sese ilinichoma moyo. Siku moja kuni zilipokosekana nilitaka kutia dawa ya maji mara mbili ya kipimo, nikidhani tutakuwa salama mara mbili. Mwalimu akanizuia. Nilinuna, lakini sasa nimefahamu: hata kinga yataka kipimo, na anayeikinga nafsi ya mwenzake hana budi kuwa mwangalifu kuliko wote.

Wadogo zangu, maji yamo katika pipa lenye mfuniko. Yamechemshwa. Kunyweni bila hofu.