Khabari za Maisha ya Tabibu McIndoe, Mganga wa Walioungua Moto

Baada ya himdi na sala: hizi ni khabari za maisha ya Archibald Hector McIndoe, tabibu wa kupasua na kupandikiza ngozi, aliyezaliwa New Zealand, akapata jina lake Uingereza, na katika miaka yake ya mwisho akawa na shamba katika mitelemko ya mlima wa Kilimanjaro. Hakuwa Mwislamu, wala hazikuandikwa khabari hizi kwa kumtukuza. Zimeandikwa kwa kuwa elimu ya kutibu ni mali ya wana Adamu wote, na kwa kuwa njia aliyoifuata ya kupambanua dawa ifaayo na isiyofaa ni njia ambayo matabibu wa Kiislamu waliijua tangu zamani.

Alizaliwa tarehe 4 Mei 1900, mwanzo wa mwaka 1318 wa Hijra, katika mji wa Dunedin. Mama yake alikuwa mchoraji wa picha, na baba yake mpiga chapa, kazi ambayo wasomaji wa vijitabu hivi wanaijua taabu yake. Alisoma utabibu huko huko kwao, na mwaka 1924 akapata msaada wa kwenda kujifunza zaidi katika hospitali ya Mayo, mji wa Rochester, Marekani. Huko alishughulika na maradhi ya ini, akaandika juu yake, na watu wakamwona kuwa ni mpasuaji wa mkono mwepesi.

Mwaka 1930 alihamia London kwa kutumainia kazi aliyoahidiwa, akafika asiikute. Alikuwa na mke na mtoto, na fedha inakwisha. Aliyemwokoa ni jamaa yake, Sir Harold Gillies, ambaye katika vita vya 1914 hata 1918 alikuwa amewatengeneza nyuso askari waliopasuliwa na risasi. Gillies alikuwa na hila ya ajabu: hukata ukanda wa ngozi ya tumbo au ya bega, asiutenge, bali huukunja kama mrija, ncha mbili zote zimeshika mwilini mfano wa mshikio wa kikapu. Damu huendelea kupita ndani yake. Baada ya majuma kadha hukata ncha moja na kuihamishia penye upungufu, pengine kwa vituo viwili au vitatu, hata ngozi ya tumbo ikafika puani. Kazi hii ilitaka subira, ya tabibu na ya mgonjwa. McIndoe akaishika kwa bidii, na mwaka 1938 akafanywa mshauri wa jeshi la anga la Uingereza katika upasuaji wa namna hiyo.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, alikwenda kufanya kazi katika hospitali ndogo ya Queen Victoria, mji wa East Grinstead, kusini ya London. Mwaka wa pili, eropleni za Wajerumani zilipojaa juu ya Uingereza, walianza kuletwa vijana wa miaka ishirini na kitu ambao mama zao wasingewatambua. Katika eropleni nyingine za vita za wakati huo tangi la petroli lilikuwa mbele ya rubani. Likipigwa, moto ulimrukia usoni na mikononi kwa muda wa sekunde chache. Aliyekuwa amevua glavu na miwani yake, kope na vidole ndivyo vilivyotangulia kuteketea.

Dawa iliyoaminiwa katika hospitali za Kiingereza wakati huo ilikuwa tanini. Nayo ni jinsi ile ile ipatikanayo katika magome ya mikoko, ambayo watu wa pwani wanajua kuwa yalikatwa na kupakiwa majahazini kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Tangu mwaka 1925 tabibu mmoja wa Marekani alikuwa ameonyesha kuwa jeraha la moto likitiwa tanini hufanya ganda gumu, na mgonjwa hapotezi maji ya mwili upesi. Kwa jeraha la mgongo au la tumbo jambo hilo lilikuwa na faida yake. Walakini ganda lile likiwa juu ya vidole hukaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani: damu huzuilika, vidole hujikunja na kukauka, na usaha hukusanyika chini yake pasionekane. Likiwa juu ya kope huzivuta hata jicho lisifumbike, na jicho lisilofumbika hukauka na kuharibika.

McIndoe alianza kwa kuwatazama wagonjwa wake mmoja mmoja: huyu ameungua wapi, alitiwa nini, ameletwa siku ya ngapi, vidole vyake vinakunjuka kadiri gani. Katika kutazama huko likamdhihirikia jambo. Marubani walioangukia baharini, wakaelea katika maji ya chumvi kabla ya kuokolewa, vidonda vyao vilikuwa safi zaidi na makovu yao laini zaidi kuliko vya wenzao walioangukia nchi kavu, ilhali moto uliowachoma ni mmoja.

Akaiacha tanini. Akaweka mabirika makubwa ya kuogea, maji yake safi, chumvi yake kwa kipimo, na joto lake kadiri ya joto la mwili. Mgonjwa aliingizwa humo pamoja na vitambaa vyake, navyo vikalegea na kutoka vyenyewe pasipo kuchunwa, jambo ambalo hapo kwanza lilikuwa likiwafanya mashujaa walie. Kisha vidonda vilifunikwa kwa kitambaa cha wavu kilichotiwa mafuta, na mgonjwa akaamrishwa avichezeshe vidole vyake kila siku ijapokuwa vinauma. Asidhani msomaji kuwa mtoto akiungua nyumbani amwagiwe maji ya bahari au asuguliwe chumvi. Maji yale ya hospitali yalipimwa na kutunzwa na watu wenye kujua. La kufanya nyumbani ni kumpoza kwa maji safi na kumpeleka kwa tabibu upesi.

Mwishoni mwa 1940 alitoa hoja zake mbele ya matabibu wenzake. Mabishano yalikuwa makali, kwa maana mtu aliyetumia dawa miaka kumi na tano hapendi kuambiwa kuwa imelemaza watu. Lakini ushahidi ulikuwa ni vidole vyenyewe: hivi vinafunga kifungo cha shati, na vile havifungi. Muda si mrefu tanini ikaachwa katika majeraha ya uso na mikono.

Njia hii si ngeni. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyesimamia hospitali za Rayy na Baghdad na kufa karibu na mwaka 313 wa Hijra, aliandika khabari za wagonjwa wake mmoja baada ya mmoja. Na alipotaka kuyakinisha kama kutoa damu kunafaa katika maradhi ya sirsam, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, alilitoa damu kundi moja na kundi la pili akaliacha kwa makusudi, apate kulinganisha. Tofauti ni kuwa McIndoe hakuwagawa watu yeye. Waligawanywa na vita, huyu baharini, huyu nchi kavu. Kwa hiyo mwenye kuchunguza sana angeweza kusema kuwa pengine sababu ni nyingine, na angekuwa na haki. Ndiyo maana kuona peke yake hakukutosha, ikabidi matibabu yale yatazamwe tena na tena kwa kila mgonjwa aliyefuata.

Mmoja katika wagonjwa hao alikuwa Richard Hillary, rubani kijana aliyepigwa juu ya bahari tarehe 3 Septemba 1940. Aliokolewa majini, lakini hospitali ya kwanza aliyopelekwa ilimtia tanini mikononi, na vidole vikajikunja kama makucha. McIndoe alimtengenezea kope mpya akaweza kulala macho yamefumbwa. Hillary akaandika kitabu cha maisha yake, kikatoka mwaka 1942 na kusomwa sana. Kisha akashika kuomba arudishwe kuruka, na akarudishwa, na mikono ile haikuwa mikono ya kushika usukani usiku. Mwezi wa Januari 1943 eropleni yake ilianguka katika mazoezi, akafa yeye na mwenziwe. Tabibu aweza kumrudishia mtu uso wake, na mtu mwenyewe akaenda nao atakako.

Wodi ya tatu, walipolazwa walioungua, ilikuwa kibanda cha mbao. McIndoe aliitawala kwa desturi zake mwenyewe. Askari wagonjwa walikuwa na nguo maalumu za buluu. Yeye alizikataa, akawaacha wavae nguo zao au sare zao, wasione kuwa wamekwisha kutolewa katika hesabu ya watu. Aliruhusu hata pipa la bia kuwekwa wodini, jambo ambalo msomaji wa kurasa hizi hahitaji kuelezwa hukumu yake. Lililo bora zaidi ni kuwa aliwaendea watu wa mji, akawaomba wawaalike wagonjwa majumbani mwao na wasiwakodolee macho wala wasigeuze nyuso. Watu wa East Grinstead wakaitikia. Kijana asiye na pua alikaa mezani na wenyeji wake kama mgeni mwingine yeyote.

Serikali nayo ilikuwa na kanuni kuwa askari akikaa siku 90 bila kuweza kazi hutolewa jeshini. Mtu anayehitaji kupasuliwa mara ishirini au thelathini kwa miaka mitatu angetupwa njiani kabla pua yake haijakwisha. McIndoe aliipigania kanuni hiyo hata ikabadilishwa. Alikuwa mtu mkali, mwepesi wa hasira, mwenye kuwatisha wasaidizi wake chumbani mwa kupasulia, na nyumba yake mwenyewe haikusalimika na kazi hiyo isiyo na mwisho: mke wake wa kwanza waliachana mwaka 1953. Lakini kwa wagonjwa alikuwa mkweli. Aliwaeleza atakalofanya na asilolijua, na aliyependa aliruhusiwa kuingia na kutazama mwenziwe akipasuliwa.

Kwa ukweli huo likatokea jambo la kustaajabisha. Mwezi wa Julai 1941 wagonjwa hao walianzisha chama chao, wakajiita Simbilisi, yaani yule mnyama mdogo afananaye na panya ambaye matabibu humjaribia dawa. Walijua kuwa mengi wanayofanyiwa hayajapata kufanywa, na waliridhia. Mweka hazina wao walimchagua mtu aliyeungua miguu, asiweze kukimbia na fedha; na katibu aliyeungua vidole, asiwasumbue kwa barua nyingi. McIndoe akawa rais wao. Vita vilipokwisha walikuwa wanachama 649, Waingereza, Wakanada, Wapolandi na wengineo.

Mwaka 1947 alipewa cheo cha Sir. Alikuwa amechoka. Akaja Afrika ya Mashariki kupumzika, akaupenda mlima wa Kilimanjaro, akaingia katika shamba huko Ol Molog. Mwenye kwenda Moshi kutoka Tanga huuona mlima kwa upande wa kusini, pamoja na migomba na kahawa ya Wachagga. Ol Molog iko nyuma yake, kaskazini-magharibi, panapotazamana na nyika kavu ya Wamasai. Huko alikuwako Michael Wood, mpasuaji Mwingereza wa Nairobi aliyekuwa mwanafunzi wake.

Wood alikuwa akiyaona nchi hizi yale yale aliyoyaona McIndoe vitani, lakini bila vita. Mtoto huangukia mafiga, mwenye kifafa huangukia moto wa usiku, taa ya mafuta hupinduka. Palipokuwa mbali na tabibu, jeraha lilipona lenyewe kwa kujikunja: kidevu kikashikana na kifua, mkono ukashikana na ubavu, na mtu akaletwa kwa mpasuaji baada ya miezi au miaka, wakati ambapo kazi ya siku moja imekuwa kazi ya mwaka. Na katika East Grinstead McIndoe alikuwa amejifunza, kuliko jambo jingine lolote, kuwa siku za kwanza ndizo zinazoamua kidole kitakunjuka au hakitakunjuka.

Basi mwaka 1956, katika mitelemko ile, walizungumza watu watatu: Wood, McIndoe, na Thomas Rees, mpasuaji wa New York. Hospitali za misheni zilikuwa zimetawanyika, wapasuaji ni wachache, na mvua ikinyesha njia hazipitiki. Wakaona kuwa ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia mpasuaji kwa wakati, mpasuaji amfikie mgonjwa kwa eropleni ndogo. Mwaka 1957 likaundwa shirika la matabibu warukao, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la AMREF, makao yake Nairobi. Wood alijifunza kurusha eropleni mwenyewe, na wenziwe wakatafuta misaada Uingereza na Marekani.

McIndoe hakuiona kazi hiyo ikikua. Alifariki London usiku wa mwezi wa Aprili 1960, Mfunguo Mosi wa mwaka 1379, akiwa usingizini, kwa maradhi ya moyo, umri wake hautimii miaka 60. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa la jeshi la anga la London, heshima ambayo raia asiye askari haipati kwa kawaida. Wood aliendelea na kazi miaka mingi, akafa mwaka 1987. Upande wa kusini wa mlima, hospitali kubwa ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, ikawa mahali pa kutibu na pa kufundishia. Na eropleni za Nairobi zingali zikiruka.

Ama wale Simbilisi, waliendelea kukutana East Grinstead mwaka baada ya mwaka. Walirudi na wake zao, kisha na watoto wao, kisha na fimbo zao. Mwaka 2007, walipokuwa wamebaki wazee wachache wasioweza tena safari, wakakubaliana kukifunga chama.