Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa ukumbusho

Katika miaka ya 1970, ukiingia katika nyumba ya mfanyakazi wa migodi, kuanzia Nzilo na Kolwezi hadi Likasi na Lubumbashi, haikuwa ajabu kukuta picha ya rangi imetundikwa sebuleni. Mgeni akishakaa, macho hupanda ukutani, na mazungumzo huanza. Watu wa Katanga waliiita picha ya namna hiyo ukumbusho. Kati ya mafundi walioichora, anayejulikana zaidi duniani leo ni Tshibumba Kanda-Matulu.

Alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, jiji tunaloliita sasa Lubumbashi. Wazazi wake walikuwa Waluba wa Kasai, jamii iliyotoa wafanyakazi wengi wa reli na wa Union Minière. Hakutoka katika chuo cha sanaa. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kisha akauza kazi yake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa bei ambayo karani au mfanyakazi wa Gécamines aliweza kuimudu.

Biashara hiyo ilikuwa na kanuni zake. Wateja walitaka picha walizozijua tayari: mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki; au Colonie belge, ambamo mfungwa anachapwa viboko mbele ya ofisa Mbelgiji, chini ya bendera. Kila mchoraji aliichukua picha ya aliyemtangulia akaichora upya. Tusikimbilie kuuita huo wizi. Mwimbaji wa kasala kwa Waluba naye hupokea majina na sifa za kale, akazipanga upya kwa ajili ya watu walio mbele yake siku ile.

Tshibumba alitaka kuvuka hapo. Alijiona kuwa mwanahistoria na mwalimu, ingawa hakuwa na darasa. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana Lubumbashi na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha huko. Katika miezi iliyofuata alichora historia nzima ya nchi katika picha zipatazo mia moja: falme za kale, ujio wa Wazungu, mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière uliozimwa kwa risasi mwaka 1941, uhuru, vita vya Katanga, utawala wa Mobutu, hata siku zijazo kama alivyoziwazia.

Picha inayogusa zaidi ni ile ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili mitatu imelala chini; kwa mbali inaonekana misalaba mitatu. Damu ya Lumumba inatiririka ardhini na kuandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Misalaba ile haitoki Katanga. Inatoka katika picha za Golgota zilizochorwa Ulaya kwa karne nyingi, ambazo wamisionari walizileta katika makanisa yetu. Tshibumba alimweleza Fabian kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Yesu wa nchi hii. Aliazima picha ya zamani ambayo kila mteja wake aliijua tangu katekisimu, akaipa marehemu mwingine wa kulilia.

Hapa mwanafunzi wa isimu ana la kusema. Kukumbuka ni tendo la mtu mwenyewe. Kukumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke. Ukumbusho umetokana na kitenzi hicho cha pili. Basi picha haikuwekwa ukutani ihifadhi mambo yaliyopita kama sanduku. Iliwekwa imfanyie kazi aliyeketi mbele yake. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walijua kazi hiyo: walichora meza yenye fuvu, saa na mshumaa uliozimika, ili tajiri mwenye nyumba asisahau kwamba atakufa. Tshibumba naye alifanya kazi ileile mahali ambapo wenye nyumba hawakuwa matajiri, na kifo walichokumbushwa kilikuwa na tarehe na majina.

Mazungumzo yake na Fabian yalirekodiwa kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule. Ni Kiswahili ambacho baadhi ya walimu wangekisahihisha kwa wino mwekundu. Hata hivyo kimebeba historia ya taifa tangu mwanzo hadi mwisho, na matini yake yamechapishwa ili tuyasome. Kitabu cha Fabian kilitoka mwaka 1996, na picha zenyewe zilipelekwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum.

Mchoraji hakuyaona hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika, na wengi wanamhesabu miongoni mwa marehemu. Miaka kumi hivi baadaye, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu. Walirundikana kwenye vituo vya treni na vitu walivyoweza kubeba, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao, waliozaliwa hapa kama Tshibumba, hawakuwahi kuiona.

Wazee wetu wa Kolwezi wanazikumbuka siku hizo, lakini hawapendi kuzizungumza. Picha ya damu inayoandika umoja sasa iko mbali na nyumba zetu. Iliposafiri, kuta zilibaki tupu, na hapakuwa na kitu sebuleni cha kumfanya mgeni aulize. Sisi tunaojifunza lugha aliyoitumia kusimulia tunaweza kuanza hapo: kuyasoma maneno yake katika Kiswahili chake, kisha kurudi nyumbani na kuwauliza wazee.